Kila Januari naanza, Februari nimeshaacha: tatizo ni mimi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa nzima. Kila mwaka mpya najiwekea mipango ya afya. Januari iliyopita niliandika mitano kwenye daftari: kuamka saa kumi na moja alfajiri nikakimbie, kuacha sukari kabisa, kunywa maji ya kutosha, kulala mapema, na kupunguza kilo kumi. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Ya pili mtoto akaugua, nikakosa siku tatu, na tangu hapo daftari sikulifungua tena. Hii ni mara ya sita au ya saba. Nimesoma kwamba ukivumilia siku 21 tabia inakuwa yako, lakini mimi sijawahi kuzifikisha. Dada yangu ananiambia sina msimamo, na nimeanza kumwamini. Je, kuna watu ambao hawawezi tu? Na mwaka huu mpya nianzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, asante kwa kuniandikia bila kujificha. Nianze na lile linalokuuma zaidi. Hapana, hakuna watu ambao hawawezi tu. Leo asubuhi ulipiga mswaki. Hukujishauri wala kujihimiza, na hukungoja mwaka mpya. Hata ile wiki mtoto alipougua, siku zile zile ulizoshindwa kufungua daftari, mswaki ulipiga, na usiku ulihakikisha mlango umefungwa kabla ya kulala. Yapo mambo kadhaa unayoyafanya kila siku kwa uaminifu ambao hakuna mwajiri angeweza kuudai, na unayafanya ukiwa umechoka, ukiwa na hasira, hata nyumba ikiwa imejaa wageni. Mtu wa namna hiyo msimamo anao.

Lugha yetu nayo inatuponza hapa. Neno tabia tunalibebesha mizigo miwili: ni hulka ya mtu, na ni jambo alilolizoea. Kwa hiyo mtu akikatisha mazoezi tunasema kashindwa kujenga tabia, na masikioni mwetu inasikika kana kwamba tabia yake yenyewe ina kasoro. Dada yako alipokwambia huna msimamo alihukumu hulka yako, ilhali kilichokwama ni mazoea. Katika jibu hili nitashika neno mazoea, makusudi, tusije tukachanganya.

Mazoea ni jambo ambalo ubongo umelifunga pamoja na mahali, saa au tendo fulani, kiasi kwamba ukikutana na hicho kitu, tendo linakuja lenyewe kabla hujaliamua. Mwanasaikolojia wa Marekani Wendy Wood na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti ambao washiriki wake waliandika, saa baada ya saa, walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakiwaza. Takriban asilimia 43 ya matendo yaliyoandikwa yalikuwa yale yanayorudiwa karibu kila siku, aghalabu mahali palepale, na mara nyingi mawazo ya mtu yalikuwa kwenye jambo jingine kabisa.

Kuna jaribio moja ninalopenda kuwasimulia watu wanaojilaumu kama wewe. Mwaka 2011 kundi la watafiti, Wood akiwamo, liliwapa watu bisi kwenye jumba la sinema. Wengine walipata bisi mpya, wengine bisi zilizolala wiki nzima. Wale waliozoea kula bisi sinema walizila zile zilizolala karibu sawasawa na mpya, huku wenyewe wakisema hawakuzipenda. Bisi hizo zilipotolewa kwenye chumba cha mikutano, mazoea yale hayakufua dafu, watu waliziacha. Na mle mle sinema, walipotakiwa kula kwa mkono ambao hawakuuzoea, ulaji wa bisi zilizolala ulipungua. Kwa hiyo utamu haukuhusika, na uamuzi haukuhusika. Kiti, giza na mkono ndivyo vilivyokuwa vinakula.

Nimeliona hilo nyumbani kwetu pia. Baba yangu alipoandikiwa dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi, aliweka boksi kwenye droo ya kabati pamoja na vyeti vyake, kwa kuwa aliona ni kitu cha maana. Akawa anasahau mara tatu, mara nne kwa wiki. Tukamkumbusha kwa simu, tukagombana naye, akaahidi, akasahau. Siku moja mama akachukua pakiti ya vidonge, akaifunga kwa mpira kwenye bilauri ya miswaki. Basi. Simu za kukumbushana zikaisha. Miezi ikapita baba hajakosa kidonge, mpaka aliposafiri siku tano. Mswaki aliutia kwenye begi, pakiti ikabaki kwenye bilauri. Aliporudi presha ilikuwa juu na vidonge vitano viko palepale alipoviacha. Baba hakugeuka mzembe kwa siku tano halafu akapona uzembe. Bilauri haikusafiri. Siku hizi pakiti ya pili inakaa ndani ya begi.

Hizo siku 21 sasa. Sijui ni wangapi wamekata tamaa kwa sababu ya namba hiyo, na mimi inanikera kweli. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya kwenye kioo. Aliandika "angalau", na alikuwa anazungumzia kujizoea, tena kwa kuangalia wagonjwa wake tu. Neno "angalau" likadondoka njiani, sura zikasahauliwa, ikabaki sheria.

Kipimo chenyewe kilifanyika London baadaye sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, kila siku katika mazingira yaleyale. Matokeo yalichapishwa 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka jambo lake lijiendee lenyewe. Lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa ajabu: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliochagua kunywa maji walifika mapema. Waliochagua mazoezi walichukua karibu mara moja na nusu ya muda huo. Kwa hiyo ukijikuta mwezi wa tatu bado unajisukuma kutoka nje kutembea, ujue uko safarini kama wengine. Na kulikuwa na jambo la pili katika utafiti huo ambalo ningependa ulishike kuliko namba zote: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mstari wa mazoea uliendelea kupanda kana kwamba siku ile haikuwapo.

Wewe ulikosa siku tatu kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Siku hizo tatu hazikukuua. Kilichokuua ni ya nne, ulipoliona daftari, ukaona miraba mitatu mitupu, ukasema moyoni, "nimeshaharibu". John Norcross, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia watu 200 waliojiwekea maazimio ya mwaka mpya. Baada ya wiki moja asilimia 77 walikuwa bado wanaendelea. Baada ya miaka miwili, asilimia 19. Watu hunukuu hizo namba mbili kuonyesha jinsi sisi binadamu tulivyo dhaifu, wakaishia hapo. Mimi huwa nauliza habari za hao asilimia 19. Walikuwa na chuma moyoni? Hata. Zaidi ya nusu yao waliteleza angalau mara moja, na kwa wastani katika miaka ile miwili mitelezo ilifikia 14. Waliteleza wakarudi, wakateleza tena wakarudi. Wahenga walishatuambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na huwezi kuwa mhunzi wa miaka miwili bila kuvunja koleo kadhaa.

Tulifungue basi lile daftari.

Kupunguza kilo kumi tukuweke kando kwanza, kwa sababu hilo si jambo la kufanya. Huwezi kuamka ukapunguza kilo. Ni tokeo la mambo mengine, linakuja polepole, na mizani ni mwalimu mwenye kigeugeu: uzito wa mtu unaweza kupanda au kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji na chumvi tu. Kilo zinazopukutika wiki ya kwanza ya kujinyima huwa ni maji kwa sehemu kubwa, ndiyo maana wiki ya tatu inakatisha tamaa. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kisha uiache mizani ipumzike. Na kama una uzito uliozidi, kilo kumi si sharti: kupungua asilimia 5 tu ya uzito wako kunatosha kuanza kusaidia presha na sukari ya mwilini.

Kuamka saa kumi na moja na kulala mapema vimeandikwa kama mipango miwili, lakini ni mpango mmoja unaojipiga wenyewe. Hukuniambia unalala saa ngapi. Kwa mama wa watoto wawili mwenye kazi ya kutwa, nabahatisha kuwa kitandani unafika kwenye saa tano, labda saa sita. Ukiamka saa kumi na moja, usingizi wako umekuwa wa muda wa saa tano au sita tu, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Wiki ya kwanza utaimudu kwa nguvu ya soda. Wiki ya pili mwili unaanza kudai, na mwili wenye deni la usingizi hula zaidi, tena hutamani vya sukari. Kwa hiyo mpango wa kuamka ulikuwa unaubomoa wa kulala usiku na wa sukari mchana, ukadhani ni wewe. Mimi ningefuta kabisa saa kumi na moja. Usingizi tutaugusa baadaye kwa jambo moja tu: simu ichajiwe chumba kingine.

Na kukimbia. Umeandika "nikakimbie", lakini barua yako yote hakuna mahali umesema unapenda kukimbia. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach walichapisha mwaka 2017 tafiti kuhusu malengo ya muda mrefu, yakiwamo maazimio ya mwaka mpya, na wakakuta kwamba aliyeendelea ni yule aliyelifurahia tendo lenyewe wakati akilifanya. Kuona jambo ni muhimu kulimfanya mtu aliandike kwenye orodha. Kulifurahia ndiko kulikomfanya alirudie. Kama kukimbia ni adhabu kwako, usikimbie. Tembea. Cheza muziki jikoni na watoto ukipenda. Moyo na mishipa ya damu haviulizi umevaa nini wala unafanana na mwanamichezo gani.

Tuchukue kutembea, kwa kuwa kazi yako ni ya kukaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Ukizigawa dakika 150 kwa siku saba unapata kama 21 hivi kwa siku. Zamani ilisemwa zije kwa vipande visivyopungua dakika 10. Mwongozo huu umeliondoa sharti hilo. Kila dakika inahesabiwa.

Lakini dakika 21 si pa kuanzia. Pa kuanzia ni msumari. Kila nyumba ina misumari iliyokwisha kupigwa ukutani, na anayetaka kutundika kitu hatoboi ukuta mpya kila siku. Jiulize: katika siku yangu, jambo gani hutokea kila siku, hata siku mbaya, mahali palepale? Kwako najua moja bila kuuliza: unarudi kutoka kazini na kuvua viatu. Huo ndio msumari. Hapo mlangoni, ambapo viatu vya kazini huvuliwa, weka raba, na soksi ziwe zimeshatiwa ndani ya raba. Usiziweke kabatini zikapangwa vizuri, maana kabati ni droo ya baba. Zikae pale ambapo usipozivaa itabidi uziruke.

Kisha andika sentensi moja tu kwenye daftari, yenye sehemu mbili: "Nikishavua viatu vya kazini, navaa raba na kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi." Sehemu ya kwanza ni ishara, ya pili ni tendo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeichunguza sana mipango ya namna hii tangu miaka ya 1990, na ulikuwapo utafiti wa Uingereza wa 2002 uliowagawa wanafunzi 248 makundi matatu. Kundi moja liliachwa lilivyo. La pili lilipewa maelezo ya kuwatia hamasa kuhusu ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. La tatu lilipewa hamasa ileile, halafu kila mtu akaandika siku gani, saa ngapi na wapi atafanya mazoezi. Waliofanya mazoezi katika wiki iliyofuata walikuwa asilimia 38 katika kundi la kwanza, 35 katika la hamasa, na 91 katika lile lililoandika. Hamasa peke yake haikuongeza kitu. Mimi hiyo 35 nimeibandika ukutani kazini kwangu, kwa sababu fani yetu imezoea kuwahubiria watu.

Tembea dakika 10. Siku mbaya, dakika mbili. Tena hizo mbili ziamue sasa hivi, kabla siku mbaya haijafika, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na akili ya kupanga. Dakika mbili hazitakupunguzia hata punje ya mafuta, najua. Kazi yake ni nyingine: zinaulinda msumari. Ubongo wako unachojifunza katika hizo wiki tisa au kumi za mwanzo ni mfuatano wa viatu kuvuliwa, raba kuvaliwa, mlango kufunguliwa. Urefu wa matembezi utaongezwa baadaye bila taabu, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoka nje mara nyingi huendelea kidogo. Asiyetoka hana cha kuendeleza. Ukifika mwezi wa tatu na unatoka bila kujibishana na nafsi yako, ongeza dakika tano. Mazoezi ya misuli, kama kuchuchumaa na kusimama mara kumi au kusukuma ukuta kwa mikono, yatafuata hapohapo mlangoni ukirudi, mara mbili kwa wiki. Usiyaanze Januari.

Mtoto akiugua tena, na ataugua maana watoto huugua, sentensi ya pili iwe imeshaandikwa: "Nikikosa jana, leo natembea dakika mbili popote nilipo." Popote ni pamoja na korido ya hospitali ukisubiri majibu ya vipimo. Na usilipe deni. Huu ni ugonjwa wa watu wenye bidii: wakikosa siku tatu, ya nne wanatembea dakika arobaini kufidia. Magoti yanauma, kesho yake mwili unakataa, na sasa kutembea kumekuwa adhabu ya kosa. Siku iliyopita imepita na mzigo wake.

Nimesema jambo moja, na najua linakukereketa, maana uliandika matano na bado unayataka yote. Sukari nayo? Maji? Nisikilize. Ukianza matano kwa pamoja, kila moja linahitaji umakini kwa kuwa bado halijaanza kujiendesha, na siku umakini unapokwisha yanaanguka yote kwa mpigo, ukabaki na ushahidi mara tano kwamba huwezi. Ukianza moja ukalifikisha, la pili linapata msumari mpya wa kutundikwa. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ushauri wangu, ngumu kuliko kutembea, na ni hapa watu wengi hunikatalia.

Ila sukari nikupe neno moja, kwa sababu kauli ya "kuacha kabisa" haijakutendea haki. Shirika la Afya Duniani halisemi ziro. Linasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kawaida, ambazo ni vijiko 12 vya chai; na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kopo moja la soda la mililita 330 hubeba gramu 35 hivi. Kwa hiyo vinywaji ndipo penye mavuno, huna haja ya kuchunguza kila kijiko kinachoingia kwenye sufuria. Tena liandike kama jambo la kufanya. Watafiti wa Sweden, katika utafiti uliochapishwa 2020 wa watu zaidi ya 1,000, walikuta kwamba wenye azimio la kufanya kitu walifaulu kwa asilimia 59, na wenye azimio la kuacha au kuepuka kitu asilimia 47. "Nikikaa kula chakula cha mchana, nakunywa maji" ni sentensi ambayo mkono wako unaielewa. "Sinywi soda" ni sentensi inayokuacha na mkono mtupu na soda kichwani. Na hapo umeshapata na maji yako. Ukiwa mzima, kiu na rangi ya mkojo vitakuongoza kuliko hesabu ya lita: ukikoza manjano, ongeza.

Sasa tarehe. Watu wa fani yangu wengine huidharau Januari, mimi siidharau. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huenda zaidi kwenye kumbi za mazoezi mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, mwanzo wa muhula na baada ya sikukuu ya kuzaliwa. Ukurasa mpya unatupa msukumo wa kweli. Kasoro yake ni kwamba ni moto wa mabua: unawaka kwa kishindo na haupiki maharage. Kwa hiyo usiupe kazi ya maharage. Upe kazi zinazofanywa mara moja zikabaki zimefanyika. Siku za mwanzo wa Januari, ukiwa na ari tele, nunua hizo raba na uziweke mlangoni. Hamishia chaja ya simu sebuleni. Ondoa vinywaji vya sukari nyumbani, na jagi la maji liwe mezani. Nenda ukapime presha na sukari, hasa kwa umri wako. Mambo hayo ukiyamaliza kwa siku mbili, moto ukizima tarehe kumi, yenyewe yamebaki yamesimama yakikungoja. Na ukiteleza Machi, huna sababu ya kungoja Januari nyingine, maana Jumatatu ziko 52 kwa mwaka.

Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au umewahi kupata maumivu ya kifua au kizunguzungu ukijituma, zungumza na daktari kabla ya kuongeza kasi. Kwa kutembea taratibu wengi hawahitaji kibali cha mtu, ila ukiumwa kifua njiani, simama na utafute msaada saa ileile.

Kuhusu dada yako, naamini anakupenda na amechoka kukuona ukianguka. Usibishane naye juu ya msimamo wako. Mpe kazi. Mwambie akikupigia simu jioni asiulize umepungua kilo ngapi, aulize "umevaa raba?" Ukijibu "jana sikuvaa, leo nimevaa", aridhike. Akiwa anakaa karibu, aje atembee nawe mara moja kwa wiki.

Daftari lile la zamani usilichane. Fungua ukurasa unaofuata ile miraba mitatu mitupu, andika hizo sentensi mbili, na chini yake weka alama moja kila siku uliyotoka nje, iwe dakika mbili au ishirini, alama ni ileile. Halafu niandikie mwisho wa Machi. Sitakuuliza kilo. Nitataka kujua raba zinakaa wapi, na kama kuna aliyezihamisha.